Boga la Nazi kwa Wafilipino

Idrisa, mlinzi kutoka Tanga, alikuwa keshafumba macho kwenye basi la Al Wakrah, huko Qatar, Ijumaa ya mapumziko, aliposikia nyuma yake lafudhi ya Pemba. Usingizi ukamruka.

"Velma, nakuomba usimuulize."

"Nitamuuliza, Arafa. Kila Ijumaa twenda kwa ule mkahawa wa Wafilipino, unanyooshea kidole boga la nazi pale kwa kioo, yule mama mpishi anakupakulia na wali, halafu unalia ukikula. Si tujue alifunzwa na nani?"

Huyu alikuwa Mkenya, na Wakenya, kwa maoni ya Idrisa, hawawezi kupita kitu bila kukiuliza.

"Boga la mama yangu lile, shoga'angu. Vilevile, hata chumvi yake. Tangu afariki nami niko huku, sijalipata kwengine."

"Basi uliza, ujipikie."

"Nikimuuliza ataniambia kafunzwa na mamake, huko kwao. Hapo litakuwa lao. Sasa hivi bado la mama."

Velma alishusha sauti, jambo ambalo Idrisa hakulitarajia. Kisha akasema polepole, "Lakini na yeye ni mtoto wa mtu, yuko mbali na kwao. Labda anangoja mtu amuulize."

Basi lilisimama, wakateremka wameshikana mikono.

Kituo cha Idrisa kilikuwa bado mbali. Alijikuta ameshateremka anawafuata, ingawa mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kupika boga lisiungue.