Mama Pipa: Maisha ya Dada Yetu, Mkaguzi wa Taka za Sumu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, haya ndiyo maisha ya dada yetu mkubwa. Familia imenikabidhi mimi, ninayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuyaandika na kuyasoma, kwa sababu wengine wote wanalia upesi kuliko mimi. Marehemu mwenyewe alinionya mapema, akiwa bado na nguvu za kukaripia: “Usije ukaandika eti nilikuwa mpole, nina tabasamu kwa kila mtu. Andika uliyoyaona.” Basi nitajitahidi. Mpole hakuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Nyumba yetu ilipakana na ukuta wa kiwanda cha rangi, na mtaro uliopita mbele ya mlango ulibadilika kila siku kulingana na kilichokuwa kikipikwa huko ndani. Sisi wengine tulishindana kubahatisha rangi ya kesho. Yeye alitaka kujua yale maji yanaishia wapi. Siku moja aliufuata mtaro peke yake hadi bondeni, akarudi jioni miguu ya kijani mpaka magotini, na mama akamsugua kwa jiwe huku akimtandika. Alilia sana, lakini katikati ya kilio alikuwa akitusimulia alichokiona: maji yaliishia kwenye bustani za mboga tulizokuwa tukinunua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, kisha akasomea kemia chuo kikuu na kuhitimu mwaka 1985. Mwalimu wake wa sekondari aliwahi kumwita baba na kumwambia kwamba binti huyu akiambiwa jambo hakubali mpaka alione kwa macho yake. Baba alijibu kwamba hilo nyumbani wanalijua, wala hakuhitaji kutoa nauli kuja kuambiwa. Lakini njia nzima ya kurudi, alisema mama, baba alikuwa akitabasamu.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha betri za magari, na baadaye akawa mkaguzi. Shangazi yetu aliwaambia watu kwamba mtoto wa kaka yake, pamoja na usomi wote ule, anazunguka majalalani. Marehemu alituelewesha hivi, tukiwa mezani: “Kiwanda kinatoa tope la sumu. Kinalipa kampuni nyingine ilizike au iliteketeze. Sasa ile kampuni ikilimwaga mtoni, watu watakuja kumshika nani? Pipa likitoka getini bado ni lako.” Kwa hiyo kabla kiwanda hakijampa mtu taka zake, dada yetu alikwenda kwanza kuyakagua mashimo na matanuri ya mtu huyo. Hakuanzia ofisini. Meneja akimkaribisha chai, alishukuru, akaomba aonyeshwe vibarua wanakolia chakula chao. Akikuta wamebeba maji ya kunywa kutoka nyumbani ilhali bomba lipo palepale, alijua pa kuanzia. Vibarua ndio waliompa jina la Mama Pipa, kwa tabia yake ya kugonga kila pipa kwa kifundo cha kidole ili asikie kama limejaa kweli au limewekwa la kumwonyesha mgeni.

Mumewe, shemeji yetu, alikuwa dereva wa lori la kubeba taka hizo. Mwaka 1989 marehemu alishuku kwamba mapipa hayafiki yanakotakiwa, akakodi teksi na kulifuata lori kutwa nzima. Shemeji aliona gari lilelile kwenye kioo kila alipokata kona, akajua leo ameingia mikononi mwa majambazi, akanyoosha moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Askari walipofungua mlango wa teksi walimkuta dada yetu na chupa yake ya chai, akiomba aruhusiwe kuyahesabu mapipa. Yalitimia yote. Walifunga ndoa tarehe 17 Novemba 1990, wakajaliwa binti na mwana. Alipenda kusema mbele ya wageni kwamba huyu ndiye mwanamume pekee aliyemkagua akafaulu. Shemeji hujibu kwamba ukaguzi wenyewe haukuwahi kufungwa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kuliruka, lakini nimeagizwa niandike nililoliona. Kwa desturi dada yetu alikagua bila kutoa taarifa. Mwaka 1997 kiwanda kilikuwa na haraka, wakuu wakawapelekea wenye dampo moja taarifa mapema, naye akakubali kwenda hivyohivyo. Alikuta uwanja safi, umemwagiwa kokoto mpya. Akapitisha. Mvua kubwa zilipokuja ziliondoa kokoto, na chini yake yakaonekana mapipa yaliyooza. Visima vya mtaa wa jirani vilikuwa vimeshaharibika. Watoto waliugua matumbo na vipele, na msichana mmoja wa darasa la pili akafariki. Daktari hakuthibitisha kwamba ni maji. Marehemu hakumngoja daktari.

Mwanasheria wa kiwanda alimshauri anyamaze. Yeye alikwenda mwenyewe kwa mamlaka akasema, “Aliyepitisha ni mimi.” Dampo lile lilifungwa, udongo ukachimbuliwa, mtaa ukavutiwa maji ya bomba. Mkurugenzi alimnunia miezi mingi, kisha akamfanya mkuu wa ukaguzi, maana alitambua kwamba mtu wa namna hiyo ndiye atakayemwepusha na mahakama. Tangu wakati huo, kila mwaka baada ya mvua, dada yetu alikwenda kwenye mtaa ule na chupa zake, akachota maji ya visima, akayapeleka maabara, na majibu akayarudisha mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alipostaafu mwaka 2021 hakuacha. Nilimsindikiza mara moja. Hakuingia ndani ya nyumba hata moja.

Katikati ya mwaka 2022 alianza kuugua, ikagundulika ni saratani ya kongosho. Sisi tulishalaumu kazi yake. Yeye alimuuliza daktari kama kuna ushahidi, akaambiwa haupo, akanigeukia: “Umesikia? Usiandike.” Kwa msiba wa watu wengine alijihukumu bila ushahidi, kwa ugonjwa wake mwenyewe akaudai. Siku moja wodini, nikimpaka mafuta miguuni, alisema, “Mdogo wangu, nimewapimia maji miaka yote hii. Lile neno lenyewe limenishinda.” Nikamuuliza neno gani. “Samahani,” akasema. “Kila nikifika kwa mama wa yule mtoto nasoma majibu ya maji, halafu miguu inanitoa.” Nilimwambia nitampeleka akipata nafuu. Hakupata. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Imeniuma, na bado inaniuma, kwamba mtu aliyewakabili wakurugenzi bila kupepesa macho aliondoka na mzigo huo.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake watatu.

Jana mchana, tukipanga viti, walifika watu wa mtaa ule. Hatukuwa tumewapelekea habari. Mama wa yule msichana aliniuliza kama orodha ya wafiwa imeshachapwa. Nikamwambia bado. “Basi na sisi tuandikeni,” akasema. Nilipotaka kumweleza yale aliyoniambia dada yangu wodini, alinishika mkono. “Najua, dada. Alikuwa anasimama pale mlangoni, macho hayatoki kwenye karatasi. Mimi nilishamsamehe siku nyingi. Kila mwaka namwekea kiti.”

Marehemu ameacha pia watu wa mtaa wa visima. Dada yetu, keti sasa, upumzike.