Joselyne Kubwimana na Kiti cha Mapokezi

Joselyne Kubwimana alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1966 huko Buyenzi, Bujumbura. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu Silvère, fundi baiskeli, na Gaudiose, aliyeandikisha maneno haya. Mwezi Mei 1972, wakati wa mauaji, baba yake alitoka kwenda kazini na hakurudi. Mama alimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, wakavuka mpaka, wakafika Kigali. Walipanga chumba Kicukiro, baadaye wakahamia hapa Kagarama.

Alisoma shule ya msingi Kicukiro, akamaliza sekondari Butare mwaka 1987 katika kazi za ofisi. Akiwa na miaka tisa aliona mama yake, aliyeishia darasa la tatu, akifungua makopo yote jikoni kutafuta chumvi. Alifunga kitambaa chekundu kwenye kopo la chumvi na cha bluu kwenye la sukari. Akasema, "Sasa hutasoma, Mama. Utashika tu." Vitambaa hivyo bado vipo.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika zahanati ya mradi wa afya, chumba cha kadi. Kadi zilikuwa zaidi ya elfu tisa. Mgonjwa aliyepoteza namba yake alingoja mpaka saa sita mchana, mtoto akilia barazani. Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Clovis, fundi umeme, na Desemba ya mwaka uliofuata wakapata binti, Umutoni.

Mwaka 1991 mradi ulileta kompyuta, na Joselyne akapelekwa mafunzoni kwa miezi minne. Mwalimu wake, Munyaneza, alimpa kazi ya kubuni ukurasa wa kutafutia kadi, ambao mpokezi yeyote angeweza kuutumia bila kufundishwa. Alimwambia, "Anayetafuta hakosei. Akishindwa, kosa ni la ukurasa."

Nyumbani hapakuwa na kompyuta. Alichora kurasa zake kwenye maboksi ya sabuni, akamketisha mama yake mezani.

"Mama, mimi ndiyo mashine. Wewe gusa unapotaka, mimi nabadilisha karatasi. Mtoto ameletwa, namba imepotea. Unagusa wapi?"

Hapo ndipo mama alipokosea. Clovis alikuwa ameketi nao sebuleni, na hakuna mama anayependa mkwewe ajue kwamba hasomi vizuri. Karatasi ilikuwa na visanduku saba vyenye maneno ya Kifaransa, na mama hakuelewa hata kimoja. Lakini alimjua mwanawe. Kila alipouliza, macho ya Joselyne yalitangulia kwenye kisanduku kinachofaa. Mama akaweka kidole pale macho yalipotua. Mara sita, na mara zote sita akapatia.

"Ni rahisi, Mama?"

"Ni rahisi sana, mwanangu."

Clovis akacheka. "Mama, kesho watakuajiri!"

"Waniajiri, nikupokee wewe ukija na malaria."

Tarehe 9 Machi 1992 ukurasa ulionyeshwa zahanati, wafanyakazi wote na wagonjwa wakitazama. Mukasine, aliyekuwa mpokezi kwa miaka kumi na moja, aliketishwa mbele ya kompyuta na vidole vyake vikaganda. Mkuu wa zahanati alisema mashine ni nzima, mtu ndiye mbovu. Joselyne alitahayari, akasahau maneno ya mwalimu wake. Alimwambia Mukasine mbele ya wagonjwa, "Mama yangu ameishia darasa la tatu na aliweza. Wewe una shida gani?" Mukasine akainuka kitini. Wiki ileile alihamishiwa kwenye kufua mashuka.

Jioni Joselyne alimuuliza mama yake, "Kweli uliweza bila taabu?" Mama alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso. Alisema, "Niliweza."

Mwezi Julai Joselyne alileta maboksi mapya. Safari hii, Clovis akiwapo tena sebuleni, alikaa nyuma ya mama yake, akageukia ukuta, akawa anauliza bila kutazama. Mama alikwama kwenye swali la kwanza. Joselyne akasema, "Sawa, Mama. Nimeona kosa la karatasi." Kwa miezi mitatu alichora na kuchana, akisikiliza ni wapi mama anasita. Mwisho ukurasa ulibaki na kisanduku kimoja: andika jina lolote unalokumbuka, la mgonjwa, la mama yake au la mlima anakotoka, kisha chagua kadi kwenye orodha inayotokea chini yake.

Oktoba alikwenda mwenyewe kwenye mabeseni ya mashuka. "Dada Mukasine, rudi kitini. Kosa lilikuwa langu." Mukasine alimjibu, "Ukinigombeza tena, nakuletea wewe mashuka uyafue." Asubuhi hiyo alipata kadi ya mtoto kabla mama wa mtoto hajamaliza kumfungua mgongoni.

Agosti 1993 Joselyne aliugua figo. Desemba, akiwa amelazwa, mama yake alikiri kwamba alifuata macho yake. Joselyne alisema, "Najua, Mama. Nilijua siku ile nilipokaa nyuma yako." Mama akamuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema, "Clovis alikuwa sebuleni."

Alifariki tarehe 17 Januari 1994, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba.

Wapo hadi leo wanaosema Mukasine alitolewa kitini kwa sababu ni mzito wa kuelewa. Kwa hiyo mama wa marehemu amemwomba mjomba Léonce asome haya bila kuruka neno: Mukasine hakuwa mzito. Ukurasa ulikuwa mgumu, na mama alidanganya mara mbili kwa kuona aibu. Marehemu alibeba kosa hilo peke yake ili kumsitiri. Leo mama hataki tena kusitiriwa. Mukasine amesimama hapa kando ya kaburi, na Clovis yuko hapa. Mama anaomba msamaha mbele yao wote wawili.

Joselyne ameacha mume, Clovis. Binti wa miaka mitatu, Umutoni. Mama yake, Gaudiose. Mjomba wake, Léonce. Na Mukasine, aliyemwita dada.

Mungu ampokee kwa jina lake, asimuulize namba.