Benchi la Bwana Adérito

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Adérito Sarmento anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya usanifu majengo hapa Porto kwa miaka thelathini na minane na miezi tisa. Ni siku tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, ambayo mji mzima huchoma samaki, kwa hiyo anatuaga ofisi ikiwa bado inanuka sardini za kuchoma. Hilo si kosa lake. Ni letu sisi watu wa michoro.

Alikuja akiwa seremala wa miaka ishirini na saba, akapewa meza, wembe na gundi. Tangu hapo kila jengo la Bibi Msanifu Benedita Falcão limeanzia mikononi mwake kama modeli ya kadibodi: mahakama ya Montevideo, jumba la opera la Busan, maktaba ya Tampere, na mengine ambayo watalii hawachoki kuyapiga picha. Ya ng'ambo hajaliona hata moja. Hapandi ndege. Anasema gundi anaijua vizuri mno kuweza kukaa kwa amani ndani ya kitu kilichounganishwa na mtu mwingine.

Wageni huuliza habari ya benchi, basi nieleze. Mwaka 1991 tulifungua jumba la makumbusho hapa mjini, na mama yake Bwana Adérito, Bi Deolinda, alikuja na kitambaa chake cheusi kichwani na nyonga zake mbovu. Ukumbi ulisifiwa sana kwa uwazi wake, yaani hamkuwa na kitu, hata pa kukaa. Akakaa kwenye ngazi. Mlinzi akamwambia kwa adabu zote, "Mama, hapa hapakaliwi." Akainuka, akamgeukia mwanawe mbele ya Bibi Msanifu: "Pazuri sana, mwanangu. Haya, nirudishe nyumbani." Hakukanyaga tena jengo letu lolote mpaka alipofariki. Bwana Adérito ilimuuma, na inamuuma hadi leo.

Kwenye modeli iliyofuata kulikuwa na mtu wa kijiti cha kiberiti, mdogo kama punje ya mchele, amekaa. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa hewani, alikuwa na benchi. Sasa, Bibi Msanifu hapendi mabenchi. Anasema yanachafua ukumbi. Kila Alhamisi ya ukaguzi alilibandua kwa ncha ya kisu, na Ijumaa likawa palepale.

"Adérito, hili dudu lako limerudi."

"Ni miguu, Bibi Msanifu. Inamuuma."

Mwishowe mwenye ofisi hushinda, na mabenchi kumi na manne yamo kwenye kopo la biskuti chini ya meza ya Bwana Adérito.

Lilipona la Tampere tu. Wiki modeli ile inasafirishwa, Bibi Msanifu alikuwa hospitali kwa mawe ya nyongo. Wafini wakaisaini kama sehemu ya mkataba, benchi likiwemo, mita kumi na mbili. Alipotaka liondolewe walimjibu kwa barua ya sentensi moja: walichosaini ndicho watakachojengewa. Picha ya wazee waliokaa pale na makoti yao, wakisoma magazeti, iko ukutani juu ya meza ya Bwana Adérito. Kila mara Bibi Msanifu akipita hapo huwa ana haraka.

Modeli ya mwisho ya Bwana Adérito ni kituo cha mabasi cha hapahapa Porto. Safari hii hakutania. Wiki iliyopita alimwendea Bibi Msanifu ofisini, kofia mkononi. Tulisikia yote, maana ofisi ile haina mlango, ameisanifu mwenyewe. Alisema, "Hayo mengine yako mbali. Hapa ndipo mama angepandia basi. Niachie hili moja."

Akajibiwa, "Tutaona Alhamisi." Tulijua maana yake, tukarudi kwenye michoro yetu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Bibi Msanifu alijitenga na modeli mchana kutwa, kisu mkononi, kisha akaifunika kitambaa. Mpiga chapa atanisamehe, aya hii nimeiongeza asubuhi hii. Tulipofunua kitambaa, benchi lilikuwepo. Na kando ya mtu wa kijiti ameketi wa pili, mwanamke, kichwa kikubwa kuliko mabega, kachongwa na mkono usiozoea. Kichwani amefungwa kipande cha uzi mweusi. Bibi Msanifu alikuwa amesimama dirishani akitazama barabara, vidole viwili vikiwa na plasta.

Bwana Adérito alichukua kioo cha kukuzia, akamtazama yule mama kwa muda mrefu. "Kazi mbovu hii," akasema. Kisha akatia tone la gundi chini yake na kumshikilia kwa kidole. Gundi ile hukauka kwa nusu dakika. Yeye alishikilia mpaka kahawa zetu zikapoa.

Bwana Adérito, asante kwa yote. Tunakuombea afya na miaka mingi, na kila utakapoingia upate pa kukaa. Kituo kitafunguliwa mwaka 2027. Kutoka kwako ni mwendo wa miguu, na benchi litakuwa linakusubiri.