Vidole vya Bi Mardhiya

Gari ya Wete ilikuwa na nafasi, nami nilisikia kila neno la wanawake wawili mbele yangu, waliojuana majina tu tangu kupanda Micheweni. Bi Mardhiya, mkulima wa mwani, alishindwa kufungua chupa yake ya maji. Bi Rahma alimfungulia bila ya kuombwa.

"Viungo hivyo," alisema, akivitazama vidole vya mwenzake vilivyovimba. "Umekwenda hospitali?" "Baridi ya bahari tu. Itaondoka." "Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nikawa nasali kwenye kiti. Sasa natumia dawa, na wagonjwa wenzangu huja kwangu tukanyoosha viungo pamoja. Wenzako wa mwani wanajua?"

"Wakijua watanifungia mwani kwenye kamba zangu, niwe mgeni shambani kwangu." "Wakufungie, wewe ukae kitini uchambue mwani." "Kiti ni cha wazee," alijibu Bi Mardhiya. Sikuona kati yao aliye kijana.

Gari iliposimama Wete, Bi Rahma alitangulia kushuka, akamnyooshea mkono. Bi Mardhiya hakuupokea. Alishika chuma cha mlango, akashuka mwenyewe polepole, akasimama kupumua. Kisha akauliza, "Hao wenzako huja siku gani?"