Aonje Nani Kwanza

Kwenye Noah ya abiria inayopitia Kimuli, dada aliyekaa mbele yangu alimsimulia bibi wasiyejuana naye, na masikio yangu yakahamia kwao. Jana aliwapikia marafiki wa mumewe ndizi, akawamiminia divai ya kwao Dodoma. Wakaitazama tu. “Nikajua hawanitaki, bibi. Nikalilia jikoni.”

“Ulionja kwanza?”

“Niwatangulie wageni?”

“Eeh! Huku mwenye nyumba ndiye anaonja, wajue hamna sumu.”

“Ndivyo mume wangu alivyokuja kunisanua. Nikapiga funda moja tu, wakanywa mpaka wakaimba!” Akacheka hadi akafuta machozi.

“Lakini divai yenu haiifikii rubisi, pombe yetu ya ndizi,” bibi akamchokoza.

“Inaipita!” Dada akachomoa chupa kikapuni.

Gari likasimama. “Bibi, Kimuli! Shuka!” konda akaita.

Dada akanywa yeye kwanza, ndipo akampa. Bibi hakushuka.