Shangazi na Kiti cha Namba Kumi na Saba

Baada ya miaka thelathini na moja, kamera nne na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyethubutu kuvihesabu, Shangazi anatuaga. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, anastaafu rasmi kazi katika ofisi yetu ya kutafuta ndugu waliopotea. Jina lake kamili limo kwenye barua ya mkurugenzi. Hapa tutamwita tunavyomwita kila siku, kwa sababu hutusahihisha kama shangazi anavyosahihisha: taratibu, mbele ya watu, na kwa faida yako mwenyewe.

Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa kuwa meza yangu imepakana na yake kwa miaka tisa. Ameniomba nisimpambe. Nitajitahidi.

Hakuja hapa kama mtaalamu wa kompyuta. Aliajiriwa kama mpiga picha. Enzi hizo mtu aliyekutwa amepotea, awe mtoto au mzee aliyesahau njia ya kwao, alipigwa picha kwenye benchi la ukumbini, picha ikasafishwa katika chumba cha giza nyuma ya stoo, kisha ikabandikwa kwenye jalada lake. Gundi ile ilikuwa na tabia zake. Joto likizidi, picha zilibanduka na kuangukia chini ya kabati, na siku moja mama mmoja alifunguliwa jalada la mwanawe akakutana na uso wa babu wa watu. Shangazi hakuisahau siku hiyo. Tangu hapo husema kwamba picha na jina lake visilale vyumba viwili.

Kompyuta zilipoletwa, alikuwa na miaka arobaini na miwili, na wenzake walidhani atabaki na kamera yake. Yeye akajiandikisha masomo ya Java, lugha ya kuandikia programu, ya kila Jumamosi, akakaa dawati la mbele kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa, akalivalia njuga. Alichokiandika baada ya masomo hayo ndicho kinachotulisha mpaka leo. Ni programu ndogo, na kazi yake ni nyepesi kueleza: hupokea namba ya kumbukumbu, huingia kwenye hifadhidata, huchukua baiti za picha na kuzimimina kwenye kivinjari cha anayemtafuta ndugu yake.

Sisi tuliokuja baadaye na vyeti vyetu tulimcheka kidogo. Tulimweleza kwamba picha huwekwa kwenye folda ya seva, na hifadhidata hubaki na anwani tu ya mahali ilipo. Tukamwonya kwamba hifadhidata yake itanenepa. Alijibu kwamba anayebeba watu ana haki ya kunenepa, akaendelea na chai yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka tuliohamia seva mpya, folda ya picha za sherehe zetu zote, niliyoipanga mimi, ilisahaulika kwenye mashine ya zamani, na mashine ikatupwa. Picha za watu zilifika zote, kila moja na jina lake. Ndiyo maana hamtaona hapa picha ya Shangazi akicheza muziki, jambo ambalo yeye analihesabu kuwa faida ya ziada.

Somo kubwa zaidi alinipa mapema, nikiwa na wiki ya tatu kazini. Nilikuwa nimeiandika upya programu yake ili iende mbio. Asubuhi hiyo akaja dada mmoja kumtafuta baba yake, mzee asiyeweza tena kusema jina lake. Alikuwa amesafiri siku mbili, na basi lake la kurudi lilikuwa la saa nane mchana. Maelezo yake yalilingana na kumbukumbu moja tu, ila nilipobonyeza picha, skrini ilijaa alama za ajabu, herufi zisizosomeka kutoka juu hadi chini. Nilimgeukia Shangazi nikamwambia kumbukumbu hii imeharibika, afadhali niifute.

Shangazi alivaa miwani akainama. Juu kabisa, katikati ya takataka zile, kulikuwa na herufi nne alizozifahamu, JFIF, ambazo mafaili mengi ya picha hujitambulisha nazo mwanzoni. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Usifute," akasema. "Huyo ni mtu."

Nilikuwa nimesahau mstari mmoja, ule unaokiambia kivinjari kwamba kinacholetwa ni picha. Kwa kutoambiwa, kivinjari kilimsoma mzee wa watu kama maandishi. Shangazi aliurudisha mstari kwa vidole vyake viwili, na uso ukatokea: mzee mwembamba, sweta lenye kifungo kimoja kilichokatika. Yule dada alifungua kilemba chake akakifunga upya, vizuri, kama anayeogopa baba yake asimwone ovyo. Basi la saa nane lilimwacha wala hakujali. Kesho yake walisafiri wawili.

Tangu hapo "huyo ni mtu" imekuwa methali ya ofisi. Hata mpokezi huisema tukitaka kutupa mwamvuli uliosahauliwa.

Halafu kuna kiti. Si kila kumbukumbu ina picha. Kwingine, picha ikikosekana, huwekwa kichwa cha kijivu kisicho na uso. Shangazi alikikataa hicho, akaweka picha aliyoipiga mwenyewe: kiti kidogo cha mbao kilichosogezwa mezani. Tulimtania miaka yote. Mgeni mmoja aliwahi kutuuliza kama tunauza samani. Shangazi alicheka pamoja nasi, na kiti akakiacha pale pale.

Mwaka huu nilikabidhiwa kutengeneza mfumo mpya. Niliweka sheria nilizoziona ni za usafi: kila kumbukumbu lazima iwe na picha, na zile arobaini na tatu zisizo nayo hazitahamishwa. Nilizisoma kikaoni, zikapita. Shangazi hakupinga. Baada ya kikao alikuja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai, akakaa.

"Mwanangu, nina ombi moja kabla sijaondoka," akasema. "Kolamu ya picha iruhusu kubaki tupu."

Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia nifungue namba kumi na saba.

Mvulana. Umri, miaka minane alipopotea sokoni. Kovu kwenye goti la kushoto. Hupenda kupiga mluzi. Picha, hakuna. Aliyetoa taarifa ni dada yake, na jina lililofuata lilikuwa la Shangazi mwenyewe, pamoja na tarehe ya wiki yake ya kwanza kazini. Kwao hapakuwa na kamera. Walipozunguka kumtafuta mdogo wake, kila waliyemuuliza aliomba kuona picha, nao hawakuwa na hata moja. Ndiyo maana alijifunza kupiga picha. Kiti ni cha mdogo wake, na bado kipo kwa mama yao, mezani, upande ule ule.

Miaka tisa nimekaa kando yake na sikuwahi kuifungua namba hiyo. Niliona aibu, nasema wazi. Nilitaka kuomba msamaha, akanisukumia kikombe akasema chai inapoa.

Shangazi, watu 2,318 wamerudi makwao kupitia ukurasa ulioandika kwa vidole viwili. Kwa niaba yao, na kwa niaba yetu uliotusahihisha mbele za watu, asante sana. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na mama yako aendelee kukugombeza kwa miaka mingi.

Mfumo mpya unaanza kazi Jumatatu. Sheria ile nimeiondoa, na kumbukumbu zote arobaini na tatu zimehamishwa. Ya kwanza kuijaribu ilikuwa ya mdogo wako. Sasa ni mtu mzima, huenda ana mvi, na siku picha yake itakapofika, nafasi yake ipo. Mpaka hapo, ukiamka Jumatatu mikono ikakosa kazi, fungua ukurasa wetu uandike kumi na saba. Kiti kipo.