Vifuniko Nilivyovifuta

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka mniguse, maana sauti niliyobaki nayo siwezi kuitupa mpaka mlangoni. Anwar, zima hiyo mashine huko karakana. Lebo za watu hazitaoza kwa saa moja. Rukaiya, kaa huku upande wa mguu mzima. Mama yenu nimemwomba akae kwenye kiti kile asikie kila neno, kwa sababu nawajua, bila shahidi kila mmoja wenu atatoka humu ndani na wosia wake. Jirani yetu Abdulkarim atakuja na gari baada ya adhuhuri anipeleke hospitali, na kesho asubuhi watanikata mguu huu chini ya goti. Daktari ni kijana mpole, kanieleza kila kitu, akasema wengi wanatoka salama. Nikamwuliza wasiotoka ni wangapi, akaanza kupangapanga karatasi zake. Kwa hiyo nasema leo.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii na vile vyumba viwili vya wapangaji mtagawana kwa sheria, sheikh atawasomea mafungu, na asitokee mtu wa kusema baba alininong'oneza hivi na hivi, sikumnong'oneza mtu. Mashine ya kukatia karatasi ni ya Rukaiya, na hiyo haimo katika urithi, nilimpa miaka minne iliyopita nikiwa mzima, mama yenu akisikia. Ile rafu ya sampuli, yenye lebo ya kwanza ya kila mteja aliyewahi kuingia mlango huu, mbaki nayo wote wawili, na msije mkawauzia karatasi hizo wauza karanga wafungie. Humo mna asali, mna sabuni, mna pilipili, mna kahawa ya Masama ya wakati nilipokuwa bado nachonga mihuri ya mpira kwa kisu na kuigonga kwenye mifuko ya kaki, mmoja mmoja, mpaka mkono unakufa ganzi.

Mtaona naongea haraka. Nina hofu, sitawaficha. Si ya kisu cha daktari, ingawa nayo ipo. Kuna chupa kumi na saba za siagi ya karanga ambazo sijui ziko meza ya nani asubuhi hii, na kila nikifumba macho namwona mtu anachota kijiko, anajipakia kwenye mkate, ametulia kabisa, kwa sababu kasoma karatasi niliyoibandika mimi. Rukaiya anajua nusu ya habari hii. Anwar anajua nusu nyingine. Leo mtaijua yote, na mtaniacha niimalize bila kunikatiza.

Mektrida mnamfahamu. Miaka kumi na moja iliyopita alishuka kutoka Kirua Vunjo na kikapu cha siagi ya karanga ndani ya machupa ya zamani ya jemu, karanga za shamba lake la tambarare huko chini ya Himo, na juu yake amebandika karatasi za daftari kwa gundi ya unga. Nilicheka. Aliniacha nicheke mpaka nikamaliza, akaniambia, “Mzee, mimi nataka mtu akila leo, kesho aniulizie kwa jina langu.” Nikamtengenezea lebo ya manjano, jina lake kubwa juu, jina la kijiji chini, na baada ya mwaka mmoja wenye maduka mjini hapa hawakusema tena siagi ya karanga, walisema nipe Mektrida. Nilijivuna kuliko yeye. Kila nikipita dukani nilizigeuza chupa zake zitazame mbele, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa.

Baadaye akaanza kutengeneza aina mbili, ya sukari na isiyo na sukari, hii ya pili kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wangu. Mnajua kazi tunavyoigawana: yeye analeta chupa zimejaa, zimefungwa kwa lakiri tusizifungue, sisi tunabandika lebo na kupanga kwenye maboksi. Chupa zinafanana, na kwa nje huwezi kujua kilichomo, kwa hiyo zile za sukari huzitia alama ya chaki juu ya kifuniko, msalaba mdogo, tubandike kwa kufuata alama ile. Miaka yote tumebandika hivyo bila kukosea hata moja.

Sasa sikilizeni kosa la baba yenu. Wiki tatu zilizopita alileta chupa tisini na sita, nusu kwa nusu. Nyinyi mlikuwa kwenye harusi ya jirani, mimi mguu ulinizuia, nikasema nitawashangaza, mtarudi mkute kazi imekwisha. Na mnanijua nilivyo. Siwezi kubandika lebo safi kwenye chupa yenye vumbi la barabara ya Kirua. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikaanza kufuta, chupa baada ya chupa, mwili na kifuniko, nikiimba kabisa, na nilipofika ya mwisho nikarudi nyuma kuzitazama zinavyong'aa mezani. Zote tisini na sita ziling'aa. Chaki haikuwepo hata kwenye moja.

Wanangu, simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningempigia Mektrida nikamwambia mama, nimefuta alama zako, njoo. Angekuja siku ya pili, angefungua moja moja, angeonja, angefunga upya, tungecheka na kumlipa usumbufu wake. Nikaona aibu. Fundi wa miaka thelathini na kitu, niliyemfundisha kila mtu mjini hapa namna ya kushika lebo, nimwambie mwanamke wa watu kwamba nimefanya kosa la mtoto wa shule? Nikazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, nikajiambia za sukari ni nyeusi kidogo, nikazigawa kwa macho, macho haya ambayo siku hizi hayanioneshi hata uso wa saa. Nilikisia. Hilo ndilo neno lenyewe. Nilikisia, nikabandika, nikapanga, na mliporudi mkanipongeza.

Chupa moja nikajiwekea mwenyewe, yenye lebo ya isiyo na sukari. Wiki nzima nilikula asubuhi na magimbi, jioni na mkate. Nilihisi utamu, mnasikia? Ulimi wangu uliniambia, nami nikaubishia ulimi wangu, nikasema karanga za mwaka huu zimekubali, kwa sababu lebo ni yangu na nimeibandika mwenyewe. Siwezi kusema mguu umeharibika kwa siagi tu, daktari amesema kidonda kilianza zamani na mimi ni mkaidi. Lakini siku ile kliniki, muuguzi alipoona sukari imepanda vile akaniuliza nakula nini, nilimtolea chupa kwenye mfuko nikamsomesha lebo kwa majivuno. Rukaiya, aliyekuwa amenisindikiza, akachovya kidole, akasema, “Baba, hii ni halua.” Nikamgombeza mbele ya watu. Nisamehe, binti yangu. Ulikuwa umesema kweli, na mimi pale pale nilijua nimefanya nini, nikageukia ukutani.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Rukaiya, bila kuniuliza, alizunguka madukani akarudisha hapa chupa alizozipata, na ukihesabu hizo na hii yangu zimepatikana sabini na tisa. Zilizobaki ni kumi na saba, na hizo zilinunuliwa na kikundi cha wagonjwa wa kisukari, wale wanaokutana kila mwezi, ambao katibu wao ni Aikande. Watu wangu mwenyewe. Watu wanaotembea na kibuyu cha hofu ndani ya mwili kama mimi, wanaoangalia kila tonge, na walipoona jina la Mektrida wakapumzika.

Ijumaa Mektrida akapiga simu. Mzee Eliufoo wa Masama, mwanakikundi, alikuwa ameanguka shambani, amelazwa, ametundikiwa maji. Alikuwa amekula siagi ile siku tano. Amerudi nyumbani, Mungu ashukuriwe, lakini kikundi kimesema Mektrida ni mwongo, anawawekea watu sukari, na duka moja limeshamrudishia bidhaa zote. Alikuwa analia. Aliuliza tu, “Jamani, kwenu huko hazikuchanganyika?” Na wewe, Anwar, ulimjibu nini? Ulisema, mama, sisi tunachapa na kubandika tunachoambiwa, kilichomo ndani ni chako. Ulisema kwa sauti nzuri, ya mtu wa biashara. Na Aikande alipopiga ukamwambia maneno hayo hayo.

Usiinamishe kichwa, sijamaliza, na wewe siye mkosaji mkubwa humu ndani. Rukaiya alishakueleza habari ya kliniki, ulijua. Lakini mimi nilikuwa nimelala hapa hapa, mlango wazi, nasikia kila neno, na nilichofanya ni kukohoa. Nilikohoa kwa nguvu, kama mtu anayetaka kusema neno, kisha nikanyamaza. Najua unachokiogopa. Alhamisi wanakuja wale watu wa kahawa kukagua karakana, na wakitupa kazi ya mifuko yao mtakuwa na mashine mpya na vijana wanne wa kuajiri. Unasema ikijulikana tulichanganya chupa, hawatatupa hata boksi moja la kubandika. Huenda ni kweli. Mimi siwezi kukuahidi kwamba tukisema watatupenda zaidi. Huenda wakaondoka, na karakana ikabaki kama mnavyoiona.

Lakini hebu fikiri nawe, mwanangu. Wanaoweza kutuambia chupa kumi na saba ziko nyumba gani ni watu wawili tu, Mektrida na Aikande, na wote wawili tumewadanganya. Aikande ana majina na namba za simu za kikundi kizima kwenye daftari lake. Nusu saa tu ya kupiga simu, na kila chupa itakuwa imeondolewa mezani. Siku tatu zimepita. Tangu Ijumaa, asubuhi tatu, watu wanaendelea kupaka mkate, kwa sababu si wote waliosikia habari za Eliufoo, na waliosikia wanadhani ni chupa yake tu. Nimelala hapa nahesabu vijiko vya watu nisiowajua. Nipe maji, Hadija, mke wangu. Kidogo. Inatosha.

Kuna na jambo la Godlove. Mlikuwa wadogo, lakini mnamkumbuka, alikaa kwetu miaka sita akijifunza kazi. Siku moja alibandika boksi la asali ya mtu lebo ya asali ya mwingine, akaja mwenyewe kuniambia kabla halijatoka mlangoni. Nilimfukuza mbele ya wateja, nikamwambia mikono yake inafaa kuchimba mitaro. Alikuja mwenyewe kuniambia, mnaelewa? Alifanya akiwa kijana wa miaka ishirini kitu ambacho mimi kimenishinda na ndevu hizi nyeupe. Ana kibanda cha kuchapa fulana huko Himo. Nendeni mkamwombe radhi kwa jina langu, mwende wote wawili, mkae mpaka awakaribishe chai. Asipowakaribisha, mrudi siku nyingine.

Niletee mto, Rukaiya, mgongo unateleza. Hapo.

Haya ndiyo ninayoyataka. Chupa zikishapatikana, mtapanda Kirua mkamlipe Mektrida zote tisini na sita kutoka kwenye theluthi ya mali ninayoruhusiwa kuusia, na mtakwenda naye mpaka mkutano wa kikundi, mkasimame mbele ya watu mseme kosa lilitoka huku kwetu Majengo, kwa Yunusu wa lebo. Mtafika kwa Mzee Eliufoo, mtampa shikamoo, hamtajitetea. Watu wa kahawa wakija Alhamisi, waambieni wenyewe kabla hawajaambiwa. Na kuanzia leo hakuna atakayefuta kifuniko katika karakana hii kabla ya kubandika lebo, hata kiwe na tope. Mpendane. Rukaiya, kaka yako ana haraka, usimwite mwizi kwa ajili ya haraka yake. Anwar, dada yako ana jicho kuliko mimi na wewe, akikwambia simamisha mashine, simamisha. Mwenyezi Mungu awape riziki msiyoionea aibu, awahifadhie mama yenu, awape watoto watakaowaambia ukweli mkiwa hai. Mimi nimewaridhia, wote wawili, duniani na akhera.

Sasa toa simu, Anwar. Hapana, si baada ya Alhamisi, si nikirudi. Gari la Abdulkarim nalisikia linageuka pale msikitini. Mpigie Mektrida, weka sauti ya nje, mama yako asikie. Niletee karibu na mdomo.

Inaita.

Mama... habari za Kirua. Ni Yunusu, mama, Yunusu wa Majengo. Mguu bado ninao, mpaka kesho, ahsante. Mama, ile sukari... ngoja. Ngoja kidogo. Pumzi... ile sukari, mama...

Anwar. Shika. Sauti imeniishia. Usinitazame mimi, mwanangu, anakusubiri yeye. Mwambie kuna chupa kumi na saba. Mwambie baba alifuta chaki. Anza na jina lako, ajue ni nani anayesema naye.

Ndiyo. Hivyo hivyo. Mwache alie, usimkatize.

Radhi zangu juu yako. Usikate simu... mwambie na ya Ijumaa.